Nyeusi ya kale: siku sita kutoka Nakuru hadi Mumias

Ijumaa, Nakuru

Kibanda changu cha ushonaji kina majora kumi na moja, na saba kati yake ni ya buluu. Shule ndizo zilizoamua hivyo. Kuna nevi bluu ya suruali, royo bluu ya sketi za marinda, na skai ya mashati. Mzazi akiingia hasemi "samawati". Husema "nataka ile skai", na mkono wangu unajua wenyewe jora la kuvuta. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nakata buluu, na sikuwahi kujiuliza inatoka wapi.

Aliyeuliza ni binti yangu wa Gredi ya 6. Wiki mbili zilizopita alikuwa amejikunyata chini ya meza ya kukatia akifanya zoezi la vivumishi: gauni jekundu, gauni jeupe, gauni jeusi. Akanyamaza. Kisha akachomoza kichwa.

"Mama, mbona hatusemi gauni jibuluu?"

Nikamjibu kuwa ndivyo lugha ilivyo. Jibu hilo halikumtosha, na usiku halikunitosha mimi pia. Nililala nikizipanga rangi kichwani. Nyekundu, nyeupe na nyeusi ndizo zinazofuata ngeli: mlango mweupe, milango myeupe, kitambaa cheupe. Zilizobaki zote tumeziazima kwa vitu. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Kijani ni jani. Manjano ni kile kiungo cha pilau. Zambarau na chungwa ni matunda, yanauzwa hapo nje. Kila rangi ina kitu chake ambacho ungeweza kukiweka kiganjani mwa mtoto ukamwambia, shika, ndiyo hii. Buluu peke yake haina kitu. Jina lenyewe ni la Kiingereza, tumelitia irabu tu. Na samawati ni Kiarabu, maana yake ya mbinguni, na mbingu haijashikwa na mtu.

Jumatano shangazi akanipigia simu kutoka Mumias. Nyanya, aliyemzaa yeye na marehemu baba yangu, alituacha mwezi wa Mei, na sanduku lake lilikuwa halijafunguliwa. "Mna kaniki yake ya kujifunga mle ndani," shangazi alisema. "Nataka wajukuu wa kike wagawiwe. Na fundi ni wewe, mwanangu. Njoo na mkasi wako."

Novemba ndiyo nafasi yangu. Shule zimefungwa, na wazazi hawajaanza kukimbilia sare za Januari. Nikaamua kwenda na binti yangu, na kwenda polepole, kwa dada Kisumu kwanza, tuitazame buluu njiani kwa macho ya watu wanaoitafuta.

Jioni tulianzia hapa hapa. Mijakaranda imechanua na lami yote imefunikwa maua. Binti akasema ni buluu, mimi nikasema ni zambarau. Tukaokota ua moja tukarudi nalo kibandani. Juu ya jora la royo bluu lilikuwa zambarau, hapana ubishi. Tulipoliweka juu ya joho la kwaya ninalolishona, ambalo ni zambarau yenyewe, likageuka buluu mbele ya macho yetu. Tukaliacha hapo mezani.

Kabla ya kulala nilimweleza habari za heroe, ndege ambao Nakuru nzima huwaita flamingo, maana nao wana somo. Wekundu wao wanaula. Unatoka katika mwani wanaouchuja ziwani kwa midomo yao ya kupinda. Mwani huo ni wa kijani kinachoelekea buluu, na ndani yake mna rangi halisi ya buluu, ile ile ambayo siku hizi viwanda huikamua na kuitia kwenye peremende. Heroe humeza zote mbili, wekundu ukabaki katika manyoya, buluu ikampita tu.

"Ikaenda wapi?" akauliza. Nikamwambia alale, gari ni la asubuhi.

Jumamosi, njiani

Salgaa, Mau Summit, Londiani, Kericho. Mvua ilitufuata hadi kwenye majani chai kisha ikachoka. Matatu iliposimama Kericho watu wanywe chai, binti alipita kando ya ua akarudi amekunja ngumi. Alikuwa amechuma kongwa, lile gugu linalotambaa ambalo sote tumeling'oa shambani bila kulitazama mara mbili. Ua lake si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba: petali mbili pana zimesimama kama masikio ya panya, na hizo ni buluu kweli kweli. Hazikubali ubishi wa jana. Nilikuwa nimepalilia buluu hiyo tangu utoto wangu nikilalamika kwamba haikauki upesi.

Alilibana katikati ya daftari. Kongwa huchanua asubuhi na likifika adhuhuri limejikunja, halikuumbiwa kukaa. Tulipoteremka bondeni, mashamba ya mpunga ya Ahero yakiwa meupe kwa yangeyange, alilifungua daftari. Palikuwa na alama ya maji na uji kidogo uliokauka. Buluu hakuna. Alinionyesha ukurasa bila kusema neno, nami sikuwa na la kumwambia.

Jumapili, Kisumu

Tumefikia kwa dada yangu, Nyalenda. Baada ya ibada tulikwenda Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku yake hasa, soko likifurika hadi barabarani. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kutafuta: nili, ule unga wa buluu wa kufulia nguo nyeupe.

Vijana wa vibanda vya sabuni hawakulijua neno. Mama mmoja wa makamo, muuza mashati ya mitumba, ndiye aliyecheka akainuka. "Unataka buluu ya nguo. Mimi mwenyewe naitumia, hizi shati nyeupe ungedhani zinakuja hivi?" Akatoa pakiti ndogo ya unga kutoka chini ya meza. Akamimina maji kwenye beseni, akatia chembe kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili. Unga ulizama ukiacha nyuzi za buluu nyuma yake, kama moshi uliopinduliwa, kisha maji yote yakawa rangi ya mbingu ya saa tatu asubuhi. Akachovya shati lililokuwa limeiva umanjano kwenye kola. Akalikamua, akalikung'uta. Jeupe.

Binti alishika ile kola. "Umeweka buluu ikawa nyeupe?"

Ndivyo inavyofanya kazi. Pamba ikizeeka hugeuka manjano, na buluu kidogo huufuta umanjano huo machoni. Unga wenyewe una historia ambayo ingestahili kuandikwa kwenye pakiti. Kwa karne nyingi buluu safi kuliko zote ilitokana na jiwe moja, lapis lazuli, lililochimbwa milimani Badakhshan huko Afghanistani, likasagwa, likasafirishwa kupita bahari. Huko Ulaya buluu hiyo ilikuwa ghali mno hivi kwamba wachoraji waliiweka kwa vazi la Bikira Maria, na aliyeagiza picha aliweza kuandikiana mkataba na mchoraji juu ya ubora wa buluu itakayotumika. Ukiwaona akina mama wa kanisa wamejifunga vitambaa vya samawati Jumapili asubuhi hapa Kisumu, kuna kumbukumbu ya bei ya jiwe hilo vichwani mwao. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kikatoa zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa njia rahisi. Jean-Baptiste Guimet akaipata mwaka 1828. Viungo vyake ni udongo mweupe, magadi, makaa na salfa, vinachomwa pamoja tanuruni. Magadi na makaa! Vitu ambavyo kila jiko la kwetu linavyo. Tangu hapo kitu kilichokuwa cha wafalme kikaingia kwenye beseni la mfuaji.

Nililipa shilingi zangu nikaiweka pakiti ile kwenye mkoba, ndani kabisa, mbali na nguo.

Usiku mpwa wangu, mwalimu wa Kiswahili, alilichukua swali la mdogo wake kwa uzito uliolistahili. Alimwambia kwamba swali hilo limewasumbua wakubwa pia. William Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika mwaka 1858 kwamba katika tenzi za Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, bahari ina rangi ya mvinyo na haiitwi buluu hata mara moja. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay wakalinganisha lugha nyingi za dunia wakaona majina ya rangi huelekea kuzaliwa kwa utaratibu: nyeusi na nyeupe kwanza, kisha nyekundu, kisha manjano na kijani, ndipo buluu. Wako waliowapinga kuhusu mengi, lakini kwamba buluu huchelewa, hilo limeonekana mahali pengi.

"Kwa hiyo watu wa zamani walikuwa hawaioni?" binti akauliza.

"Waliiona kama unavyoiona wewe. Hawakuwa na sababu ya kuiita. Ukimtuma mtu ng'ombe, utamwambia yule mwekundu au yule mweusi. Lini utamtuma ng'ombe wa buluu?"

Hapo shemeji, ambaye alikuwa amenyamaza na gazeti lake, akaingia. Kwa Kijaluo, alisema, nyeusi ni rateng', nyeupe ni rachar, nyekundu ni rakwar. Na buluu? Rambulu. Binti yangu aliruka kutoka kwenye kochi. "Wameipa ra-!" Ni kweli. Neno ni la kuazima kama letu, lakini Wajaluo walilivika kiambishi kile kile cha rangi nyingine, wakaliketisha pamoja na ndugu. Sisi tuliliacha limesimama mlangoni. Jambo hilo limenikaa rohoni kuliko habari zote za Gladstone.

Jumatatu, Dunga

Watoto wote wa Kenya huchora ziwa kwa kalamu ya buluu. Leo binti amesimama ukingoni Dunga na kulitazama Nam Lolwe lenyewe, yaani Ziwa Viktoria, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa karibu na nchi kavu, kisha kijani cha supu ya mboga, kisha utepe wa gugumaji. Mbali sana, kule lilikokutana na mbingu, ndiko kulikokuwa na mstari wa buluu.

Mzee mmoja, mjomba wa shemeji, alikuwa akipaka mtumbwi rangi. Tulimsalimu, akatuvutia viti. Binti akamwambia kwamba buluu iko kule mbali tu.

"Nyathina," akamjibu bila kuinua brashi, "nimeifuata hiyo miaka arobaini. Ukiifikia inahama."

Debe lake lilikuwa la buluu. Alikuwa anapaka ubavu wa mtumbwi mstari mmoja mpana chini ya jina, akinyoosha brashi kwa pumzi moja kutoka tezi hadi omo. Nilimuuliza kwa nini rangi hiyo. Akasema mtumbwi wa baba yake ulipakwa mafuta ya papa na lami tu, ulikuwa mweusi. Rangi za madebe zilipofika madukani, kila mtu alitaka ile ambayo ziwa linayo ukiliangalia kutoka mlimani.

Kisha akatuambia kitu ambacho sikukitarajia. Utotoni mwake, alisema, buluu ilikuwamo majini. Ilikuwa kwenye fulu, wale samaki wadogo wenye miiba ambao watoto waliwavua kwa ndoano ya pini. Walikuwako wekundu, walikuwako wa manjano, na walikuwako madume wanaong'aa buluu kama chuma kilichochomwa. Mbuta, au sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, aliwala wengi. Na maji yakawa mazito.

Usiku nilisoma juu ya maji hayo mazito kwenye simu hadi betri ikaisha. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha utafiti kuhusu fulu hao. Upande wa Mwanza kuna aina mbili zinazofanana sana: dume wa moja ni buluu, dume wa nyingine mwekundu. Maji yakiwa maangavu, kila jike humchagua wa kwake kwa rangi, na aina hizo hazichanganyiki. Lakini mbolea na taka zikimwagika ziwani, mwani ukastawi, matope yakatanda, jike haoni tena rangi vizuri. Anachukua yeyote. Aina mbili zinachanganyika, madume wanapauka, na baada ya muda hakuna mwekundu wala wa buluu. Hakuna aliyewavua wakaisha. Walizimwa kwa kukosa mwanga.

Nimesoma habari nyingi za kusikitisha kuhusu ziwa hili, na nimezoea, kama wote tulivyozoea. Hii sikuweza kuizoea. Mifereji inayopita nyuma ya nyumba zetu inaishia humo.

Tulipokuwa tukiaga, mdiria alitua juu ya bua la mafunjo, hatua kama kumi kutoka tulipo. Si yule mkubwa wa madoa meusi na meupe. Ni yule mdogo asiyezidi ngumi, mdomo mwekundu, kifua cha chungwa, na mgongo ambao niliutazama kama fundi nikijiuliza ningeuita nini dukani. Si nevi. Si royo. Alipogeuka kidogo ulikuwa kama umewashwa kwa ndani. Akajitosa, akatoka na kisamaki, akatoweka. Mzee aliendelea kupaka.

Jumanne, Msitu wa Kakamega

Tulishuka Khayega na kuchukua boda hadi Isecheno, kupitia Shinyalu. Msitu huu ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu ule mkuu wa Kongo, na ukiingia tu unajua si wa kwetu wa bonde la ufa. Joto lake ni la chumba ambacho mtu ametoka kuoga.

Tulikuja kwa ajili ya ndege mmoja. Kijana aliyetuongoza alitembea akiangalia juu, kwenye matunda ya mtere, akatuonya mapema kwamba huenda tusimwone. Tuliona kima kwanza, wale ambao Waingereza wamewapa jina la buluu ingawa ni wa kijivu. Ukiwatazama sana utaona kivuli tu cha buluu usoni penye nywele haba. Binti alisema walikuwa wanakosa neno la kijivu. Kiongozi wetu alicheka mpaka akaegemea mti.

Saa nne na nusu tulisikia sauti nzito ikigugumia juu, ikajibiwa na nyingine. Kisha matawi yakatikisika kana kwamba kuna mtu. Shorobo mkubwa wa buluu hapai sana. Anakimbia juu ya matawi kama kindi, akaruka, akaelea kidogo, akakimbia tena. Mwili wake na mkia vinakaribia urefu wa mkono wangu kutoka bega hadi vidole. Shungi jeusi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, tumbo la kijani na hudhurungi, na kifua, mgongo na mkia buluu. Walikuwa watano. Nilisimama nimeshika kifua. Sikujua kwamba nchi hii ninayoishi ina kitu kama hicho na kwamba nauli yake kutoka Kisumu ni chini ya bei ya sketi moja.

Chini ya mtere ule kiongozi aliokota unyoya. Alimpa binti aushike. Ulikuwa buluu ya kijivu iliyokolea, inayobadilika kidogo ukiuinamisha.

"Sasa uinue," akamwambia. "Uweke kati ya jicho lako na jua."

Akauinua. Buluu ikaondoka. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa unyoya wa hudhurungi, kama wa kuku wa jirani. Akaushusha, buluu ikarudi. Akauinua. Hudhurungi. Alifanya hivyo labda mara ishirini, na kila mara uso wake ulikuwa ule ule.

Kijana yule alieleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Shorobo wengine wenye mabawa mekundu wana rangi halisi ndani ya unyoya, yenye shaba; ukiuloweka unyoya huo kwenye maji ya magadi, maji yanaanza kuwa mekundu. Rangi inatoka, unaweza kuikusanya. Ila buluu ya ndege haitoki, kwa sababu haimo. Unyoya ni kitu kile kile cha ukucha, na ndani yake mna vitundu vidogo mno vilivyopangwa kwa namna ambayo mwanga ukigonga, sehemu ya buluu ndiyo inayorudishwa kwetu. Nyuma yake pana weusi unaomeza mwanga uliobaki. Usage unyoya huo kwenye kinu, uvunje ule mpango, utapata unga wa hudhurungi. Mdiria wa jana ni hivyo hivyo. Kwezi wanaodonoa makombo kule Nakuru ni hivyo hivyo.

Binti aliurudisha unyoya juu ya jani lilelile. Hakuna aliyemwambia.

Njiani kwenda mjini Kakamega, amekaa kati yangu na mwenye boda, alisema karibu na sikio langu: "Kwa hiyo hata wangetaka kuishika, wasingeweza." Alikuwa anawazungumzia watu wa zamani, waliounda maneno.

Jumatano, Mumias

Shangazi alitupokea barazani. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye mjukuu wa maswali?" Akamshika binti kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga kumtafuta nyanya ndani yake.

Mumias ya kale, Elureko, ndiko misafara ya pwani ilikokuja kutafuta pembe za ndovu. Waswahili na Waarabu walikuwa wamekwisha kupiga kambi hapa kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alipopita mwaka 1883 alikuta njia imekwisha kukanyagwa. Waliobaki walioa, wakajenga, wakasali, na sisi ni baadhi ya waliozaliwa humo. Migongoni mwa wapagazi zilikuja shanga, nyaya za shaba, merikani nyeupe iliyotoka Marekani, na kaniki, pamba iliyotiwa nili huko Bara Hindi. Kwa hiyo buluu ya kushikika huku bara iliingia kwa miguu, kutoka bahari hadi hapa, miezi mingi juu ya bega la mtu.

Na huko ilikotoka nako palikuwa na mabega. Nili hiyo ya asili, tofauti na unga wa Kibuye, ni jani la kijani lisiloonyesha lolote. Unaliloweka linavunda, unakoroga maji, unakausha tope lake. Kitambaa kikichovywa kwenye pipa hutoka kikiwa na rangi ya kijani cha manjano, kisha hewa inakigusa, na hapo mbele ya macho yako kinageuka buluu. Ni kazi ya ajabu na ilifanywa kwa ustadi mahali pengi. Kano, Nigeria, kuna mashimo ya kutia nili yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 1498. Lakini India ya Waingereza mkulima alilazimishwa kupanda nili penye ardhi ya chakula chake, na kwa ajili ya wakulima hao wa Champaran ndipo Gandhi alipokwenda mwaka 1917. Kufikia wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kuuza nili ya kiwandani, tangu 1897, na jani lilikuwa linashindwa bei.

Shangazi alifungua sanduku mwenyewe. Harufu ya udi na karafuu ilitoka kabla ya kitu chochote. Kaniki ilikuwa chini kabisa, imekunjwa mara nne, nzito kuliko nilivyodhani. Akaikunjua mkekani.

"Nyeusi," binti alisema, na nilisikia alivyovunjika moyo.

"Nyeusi ndiyo," shangazi akasema. "Kaniki ni nyeusi, hata uifue vipi rangi yake ni ile ile. Alijifunga hii shambani. Akambeba babu yako nayo mgongoni. Akakalia eda ndani yake."

Nilipiga magoti nikaanza kuikagua kama ninavyokagua kitambaa chochote, kwa kuipitisha kati ya vidole nikitafuta palipolegea. Kwenye mikunjo, ambapo uzi umesuguka miaka yote hiyo, nilisimama. Nikamwita binti. Mstari wa mkunjo haukuwa mweusi. Ulikuwa buluu. Si nevi wala royo. Ni buluu ya jioni, dakika chache kabla ya kuwasha taa. Tulipoivuta karibu na mlango tuliona yote ilikuwa hivyo, kutoka pindo hadi pindo, ila imechovywa mara nyingi sana hivi kwamba buluu ilirundikana juu ya buluu hadi ikafungana kuwa giza.

"Shangazi, ni buluu!"

Shangazi alivaa miwani. Akainama, akakaa kimya muda mrefu kidogo.

"Hiyo ni nyeusi ya kale," alisema. "Zamani hatukuzitenga."

Binti alinitazama. Sikuongeza neno, na yeye hakuuliza. Alikuwa ameshaupata mlango wa kuingilia: neno lilikuwapo siku zote, limekaa ndani ya nyeusi.

Wajukuu wa kike tuko tisa. Nilipima kwa futi, nikapiga mistari kwa chaki nyeupe, nikarudia kupima kwa sababu mkono haukutulia. Mkasi ulipoanza, kitambaa kilitoa sauti kavu ambayo tetroni haitoi. Shangazi alikuwa akitaja jina la kila mmoja kadiri kipande kilivyoachana na kingine, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kilichobeba ule mkunjo uliopauka alikivuta pembeni akampa binti yangu, ingawa yeye ni kitukuu na hakuwamo katika hesabu. Mimi nilichukua cha mwisho, chenye upindo ulioshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka ambayo ningeitambua popote. Nyanya ndiye aliyenifundisha kuishona.

Binti alikikumbatia chake. Alipokiachia aliangalia viganja vyake. Vidole vyote kumi vilikuwa na buluu, imeingia kwenye mistari ya ngozi na kando ya kucha. Akavisugua kwenye sketi, haikutoka. Akanionyesha, kisha akaenda kumwonyesha shangazi.

"Usije ukaifua na nguo nyeupe," shangazi alimwambia, naye alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kuinjika chai.